Uorodheshaji na uainishaji wa vitabu vya Kiswahili

Uorodheshaji na uainishaji wa vitabu vya Kiswahili ni kazi ya kukipa kila kitabu cha lugha hiyo maelezo yake katika katalogi na namba yake katika rafu. Wakutubi wa Afrika Mashariki huifanya kwa zana zilizoundwa Marekani na Uingereza: mfumo wa desimali wa Dewey katika maktaba za umma, mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani katika vyuo vikuu vingi, pamoja na kanuni za kuandika rekodi zilizotoka hukohuko. Ni zana madhubuti, lakini hazikutungwa kwa ajili ya lugha za Kibantu wala majina ya watu wa pwani, na huko ndiko matatizo mengi yanakoanzia.

Historia

Melvil Dewey alichapisha toleo la kwanza la mfumo wake mwaka 1876, kijitabu cha kurasa 44 tu. Toleo la 23 lilitoka mwaka 2011. Nchini Tanzania, Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mafunzo ya ukutubi kwa nchi za Afrika Mashariki yalianzia Makerere mwaka 1963.

Namba za Kiswahili katika mfumo wa Dewey

Dewey aligawa maarifa yote katika madaraja kumi. Daraja la 400 ni la lugha. Kiingereza kimepewa 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, na hata Kilatini, lugha isiyo na wazungumzaji wa kuzaliwa nayo, kimepewa 470 nzima. Lugha nyingi za Afrika zimebanwa ndani ya 496, na humo Kiswahili kinapatikana kwenye 496.392. Katika fasihi mambo ni hayohayo. Riwaya ya Kiingereza huandikwa 823, tarakimu tatu basi. Riwaya ya Kiswahili ni 896.3923, ushairi 896.3921 na tamthilia 896.3922.

Urefu huo una gharama yake. Namba ya tarakimu saba haienei vizuri kwenye mgongo wa kitabu chembamba, na vitabu vingi vya hadithi vya Kiswahili ni vyembamba. Maktaba ndogo huikata namba ibaki 896.3, na hapo Kiswahili kinachanganyika na Kizulu, Kiyoruba na jamaa zake wengine wa Niger-Kongo. Aidha, mahali ambapo wasomaji wengi huja kutafuta riwaya za Kiswahili, shehena kubwa ya vitabu hulundikana kwenye namba moja, huku mamia ya namba za jirani zikikaa tupu. Kanuni za Dewey zenyewe zinairuhusu maktaba kuipa lugha ya nyumbani namba fupi, au kutumia herufi badala ya tarakimu. Ruhusa hiyo ni ya haki, ila inamtwisha mkutubi mzigo: rekodi anazozipata kutoka nje huja na namba ya kawaida, naye analazimika kuibadilisha kitabu baada ya kitabu.

Daraja la dini lina dosari kubwa zaidi. Namba kutoka 220 hadi 289 ni za Biblia na Ukristo. Uislamu wote uko kwenye 297, na dini za jadi za Afrika kwenye 299.6. Toleo la 21, la mwaka 1996, liliipanua 297 bila kuihamisha. Kwa maktaba ya Lamu au Unguja maana yake ni kwamba Kurani, hadithi za Mtume, fikihi, maulidi na wasifu wa masheikh vyote hupambanuliwa kwa tarakimu zinazofuata nukta. Tenzi za dini huongeza swali jingine: ziwekwe kwenye 297 kwa sababu ya maudhui, au 896.3921 kwa sababu ya umbo? Zote mbili zina hoja, lakini kitabu kina rafu moja tu.

Majina ya waandishi

Hili ndilo eneo lenye makosa mengi kuliko yote. Katalogi za Kimagharibi hutanguliza jina la mwisho kwa kudhani ni jina la ukoo. Kwa Waswahili jina la mwisho mara nyingi ni la baba au la babu. Robert katika jina la Shaaban Robert ni baba yake, na mwenyewe alijulikana pia kama Shaaban bin Robert. Kumpanga kwenye R ni kumwita kwa jina la mzazi wake, na kumpanga kwenye S ni kwenda kinyume na mazoea ya mashine.

Mfano mzuri ni waandishi watatu wa Zanzibar. Mohamed Said Abdulla aliandika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Kiu (1972). Said Ahmed Mohamed aliandika Utengano (1980). Wakipangwa kwa jina la mwisho, wawili wa mwisho hukutana kwenye Mohamed. Wakipangwa kwa jina la kwanza, wawili wa mwanzo hukutana kwenye Mohamed huohuo. Jalada likifupisha majina kuwa herufi za mwanzo, au mchapishaji akiandika Mohammed, Muhammad au Abdullah, mtu mmoja hugeuka kuwa wawili katika katalogi, au wawili wakawa mmoja. Dawa yake ni orodha rasmi ya majina inayoonyesha umbo lililochaguliwa na maumbo mengine yote.

Vichwa vya mada

Orodha ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani huviondoa viambishi vya lugha za Kibantu. Baganda na Luganda hutafutwa chini ya Ganda, yaani kwenye G. Mwanafunzi wa Kampala anayefungua kwenye L au B hakosei, ila katalogi itamrudisha mikono mitupu isipokuwa kama kuna kirejeo.

Mmarekani Sanford Berman, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Zambia mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuta orodha hiyo ikitumia neno "Kafir" la Afrika Kusini kuwataja Waafrika weusi. Wenzake wa Zambia walimweleza kwamba kwao neno hilo ni tusi. Mwaka 1971 alichapisha kitabu kinachopitia vichwa vya aina hiyo, na neno hilo baadaye liliondolewa. Ni moja ya marekebisho muhimu ya ukutubi wa karne ya 20, na chanzo chake kilikuwa Lusaka.

Miswada ya herufi za Kiarabu

Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unajulikana pia kama Chuo cha Herekali, na tahajia zake hutofautiana. Katika hati za zamani herufi moja ya Kiarabu, ba, husimama kwa b, p na mb, kwa hiyo kichwa cha shairi hakisomeki ila na anayeijua lugha. Nakala nyingi zilizoko Ulaya ziliandikwa kwa mkono na Muhammad Kijuma wa Lamu, na mnakili huyo amewahi kuchanganywa na mtunzi. Katalogi ya J. W. T. Allen ya miswada na kanda za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyochapishwa Leiden mwaka 1970, bado haina mbadala kwa mtafiti wa tenzi.

Hali ya sasa

Maktaba nyingi zimehamia kwenye programu kama Koha, na kadi za katalogi zimetoweka. Ofisi ya Maktaba ya Bunge la Marekani iliyopo Nairobi tangu mwaka 1966 hukusanya na kuorodhesha vitabu vya kanda hii. Kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam hakistahili kusubiri rekodi kutoka ng'ambo. Orodha ya pamoja ya majina ya waandishi wa Kiswahili ndiyo kazi ambayo maktaba za taifa za Tanzania, Kenya na Uganda zinapaswa kuitanguliza.