Buluu si Sumu: Boleti na Ujuzi wa Mahali

Boleti ni uyoga ambao chini ya kofia yake kuna vitundu vidogo vilivyosongamana kama sifongo. Huota msituni, karibu na miti inayobadilishana nao chakula kupitia mizizi. Ukizikata baadhi ya boleti kwa kisu, nyama yake ya njano hugeuka buluu papo hapo, na ukiibonyeza, alama ya kidole hubaki. Kwa muda mrefu watu wengi wa Ulaya waliichukulia rangi hiyo kuwa dalili ya sumu, na kanuni hiyo ingali inarudiwa. Naamini ilikosea tangu mwanzo. Historia ya uyoga huu inatupa sababu ya kuuamini zaidi ujuzi wa mahali, unaoujua kila uyoga kwa jina na kwa namna ya kuupika, kuliko kanuni moja inayotaka kutawala misitu yote.

Ushahidi wa kwanza uko Ulaya kwenyewe. Mwaka 1601 mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alichapisha maelezo ya uyoga wa Pannonia, yaani sehemu za Hungaria na Austria ya leo, akitenganisha unaolika na unaodhuru na kuandika majina yaliyotumiwa na wenyeji. Kazi hiyo ilihitaji kuuliza na kulinganisha uyoga mmoja mmoja. Wengine walipendelea njia ya mkato: kijiko cha fedha chunguni, ambacho ati hubadilika rangi penye sumu, au rangi ya buluu ya uyoga wenyewe. Ni kweli kwamba Boletus satanas, uliopewa jina la Shetani na Harald Othmar Lenz mwaka 1831, hugeuka buluu kidogo na humtapisha vibaya anayeula. Lakini Imleria badia nao hugeuka buluu, na wachumaji huupenda. Tylopilus felleus haugeuki buluu hata kidogo, na mmoja tu huweza kuharibu chungu kizima kwa uchungu wake. Mwaka 1856 mkemia Christian Schönbein wa Basel aliichunguza rangi hiyo ya buluu, na leo tunajua kwamba hutokea pale kemikali za nyama ya uyoga zinapokutana na oksijeni ya hewani. Haituambii lolote kuhusu sumu.

Yunnan, kusini-magharibi mwa China, inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi. Huko, katika karne ya 15, tabibu Lan Mao (1397–1476) aliandika juu ya mimea na dawa za eneo lake, na boleti zimo. Masokoni Yunnan, aina kadhaa zinazogeuka buluu zikiguswa huitwa jian shou qing, na alama ileile iliyowatisha Wazungu ndiyo inayomvuta mnunuzi. Hukatwa vipande vyembamba na kukaangwa hadi viive kabisa. Mmoja wa uyoga huo, Lanmaoa asiatica, ulipewa jina la kisayansi mwaka 2015 tu, katika jenasi iliyoitwa kwa heshima ya Lan Mao, ilhali wapishi walikuwa wakiujua zamani.

Atakayepinga atasema kwamba kila msimu wa mvua hospitali za Yunnan hupokea wagonjwa walioula, baadhi yao wakiona vijitu vidogo vikitembea mbele yao. Ni kweli, na jambo hilo si la kupuuzwa. Lakini madhara hayo hutajwa hasa pale uyoga usipoiva vizuri, nami naona hapo ndipo ujuzi wa mahali unapokatika: mtu amebeba jina, akaacha jiko. Wengine watasema vipimo vya vinasaba vimemaliza ubishi kuhusu uyoga upi ni upi. Mwaka 2014 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, walipima vinasaba vya vipande 15 vya boleti kavu kutoka pakiti moja iliyonunuliwa London, wakakuta aina tatu za China ambazo sayansi ilikuwa haijazipa majina. Kipimo kilikuwa sahihi, na nakithamini sana. Hata hivyo, uyoga huo ulikuwa umeshachumwa, ukakaushwa na kuuzwa kama chakula na watu wasiohitaji maabara ili kuuchagua.

Misitu yetu ya miombo, kuanzia Iringa hadi Katanga, nayo ina boleti zake, maana miti yake ni ya aina ileile inayoshirikiana na uyoga mizizini. Paul Heinemann wa Ubelgiji alichapisha maelezo ya boleti za Kongo mwaka 1954. Anayetaka kuzijua asianze na rangi iliyohukumiwa Ulaya. Aanze na mama anayechuma uyoga msitu uleule, amuulize upi anauacha, na upi anauchemsha kwanza.