Tusi Lisilojibiwa

Katika miaka ya 1830 njaa iliikumba nchi ya Wazigua, ambayo kitovu chake leo ni Handeni, jirani na Korogwe. Wengi waliuzwa, wengine walijiweka rehani kwa wafanyabiashara wa pwani, wakasafirishwa hadi kusini mwa Somalia. Waliotoroka utumwani walijenga vijiji vyao kando ya mto Juba, na Kizigua hakikufa midomoni mwao.

Wajukuu zao waliitwa jareer, wenye nywele ngumu, na adoon, watumwa. Mtoto aliyebahatika kufika shule alilikuta jina hilo limemtangulia darasani. Kulijibu kulikuwa hatari: nyuma ya mtoto aliyelitamka walisimama wakubwa wake wote.

Vita vya 1991 viliwatawanya upya. Baadhi walirudi Handeni, mwisho wakapewa makazi Chogo. Wengine, kiasi cha 12,000, walikubaliwa na Marekani. Chogo, tusi la nywele lilikosa makali, maana mtoto wa mwenyeji anazo hizo hizo. Marekani, mtoto yule yule alichekwa kwa rangi, kwa hijabu na kwa Kiingereza chake. Watoto huchekana kila mahali, ila cha kuchekea huokota kwa wakubwa wao.

Kama maneno hubadilika hivyo, uonevu tutaupimaje? Kipimo kimoja tunacho tangu zamani: utani. Mzigua na Mnyamwezi walizoea kutukanana tangu enzi za misafara. Reli ilipofika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakavuta vibarua kutoka kila pembe, mizaha ya namna hiyo ilisaidia wageni kuishi pamoja. Lakini utani una masharti. Anayetukana hukubali kutukanwa, na siku ya msiba mtani ndiye mwenye kazi.

Kwa hiyo njuka anaponyang'anywa godoro bwenini, akaitwa majina mpaka akalia, na mwalimu akasema "huo ni utani tu", mwalimu huyo anausingizia utani. Njuka hana ruhusa ya kurudisha neno, wala anayemtukana hana deni lolote kwake.

Kabla ya kucheka naye, mwalimu ajiulize jambo moja: mtoto huyu akijibu, atachekewa au atapigwa?