Baridi Iliyoingia Kwenye Riwaya

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tulikutana na George Orwell kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka Nairobi mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Tumekisoma, tumecheka, kisha tumebishana vijiweni: nguruwe yule ni nani, farasi ni nani, na sisi walalahoi tuko kundi gani. Hayo ni mazuri. Lakini kuna ahadi moja ndani ya kitabu hicho ambayo sijawahi kusikia mtu akiigusa.

Nguruwe Snowball anapowashawishi wenzake wajenge kinu cha upepo, hawaambii habari za heshima na uhuru tu. Anawaambia kinu kitaleta umeme, na umeme huo utawasha taa mazizini na kuyatia joto wakati wa baridi. Basi wanyama wanabeba mawe, kinu kinaanguka, wanajenga upya. Mwishowe kinasimama, lakini kinasaga nafaka ya kuingiza fedha, na mazizi yanabaki na baridi yake ileile.

Ahadi ni deni. Swali langu ni hili: kwa nini, kati ya vyote ambavyo mnyama anaweza kuahidiwa, mwandishi akaweka na joto? Nimesoma habari za maisha yake na za nchi yake, na jibu nililolipata ni kwamba Orwell aliijua baridi ya ndani ya nyumba, tena alijua kwamba siyo jambo la Mungu peke yake. Baridi ya nje inaletwa na majira. Baridi ya ndani inaletwa na bei.

Tuanze na mwaka 1936. Mapema mwaka huo Orwell alikwenda kaskazini mwa Uingereza, katika miji ya migodi kama Wigan, Barnsley na Sheffield. Siku zile makaa ya mawe ndiyo yaliyoendesha karibu kila kitu: treni, viwanda, mitambo ya umeme, na moto wa sebuleni. Aliingia mgodini mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, zaidi ya futi sita, na dari za njia za kule chini zilikuwa fupi, kwa hiyo alitembea amejikunja hadi miguu ikagoma, kabla hata hajafika pale wachimbaji wanapoanzia kazi. Mwendo ule, aliandika, haukuhesabiwa kwenye mshahara.

Lakini kilichonishika mimi zaidi ni alichokiona juu ya ardhi. Watu waliokosa kazi, waliokuwa wakiishi juu ya makaa hayo, hawakuwa na makaa ya kupasha nyumba zao. Kifusi cha mgodini kilipakiwa kwenye mabehewa kwenda kumwagwa kwenye malundo makubwa nje ya mji. Wanaume walikuwa wakiyarukia mabehewa yakiwa kwenye mwendo, ili wawahi kukalia kifusi na kuchambua vipande vya makaa vilivyomo. Wanawake na watoto walichokoa lundo kwa mikono, wamepiga magoti kwenye matope. Kisheria huo ulikuwa wizi, na mara mojamoja mtu alifikishwa mahakamani. Hebu fikiria, ndugu msomaji: baba yako amechimba joto la nchi nzima, na wewe unaitwa mwizi kwa kuokota masalia yake. Orwell aliyaandika hayo katika The Road to Wigan Pier, kilichotoka mwaka 1937.

Hapa yafaa nieleze nyumba yenyewe, maana msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye tatizo lake ni joto, anaweza asielewe. Nyumba ya kawaida ya Mwingereza wa wakati ule haikupashwa joto yote. Ilikuwa na meko ukutani, sebuleni au jikoni, na dohani juu yake. Sehemu kubwa ya joto ilipanda na moshi ikaenda zake angani. Kilichobaki kiliwafaa waliokaa mbele ya moto. Vyumba vya kulala vilikuwa baridi kama kisima. Kwa hiyo maskini alikuwa na mbinu zake. Familia nzima ilihamia chumba kimoja. Makoti yalitandikwa juu ya blanketi. Tofali lilipashwa jikoni, likaviringishwa kitambaa, likatangulizwa kitandani. Na waliotumia gesi, wengi wao walikuwa na mita ya kutumbukiza sarafu, iliyoanza kuenea mwishoni mwa karne ya 19: unatia senti, gesi inatoka, senti ikiisha, moto unazimika hapohapo, hata kama mtoto anaumwa. Wewe unayejua LUKU inavyolia usiku wa manane huna haja ya kuelezwa zaidi.

Sasa angalia mzaha wa historia. Tarehe 8 Desemba 1945, miezi michache baada ya kitabu cha wanyama kutoka, gazeti la Evening Standard la London lilichapa makala ya Orwell akitetea meko ya makaa dhidi ya majiko ya gesi na umeme. Hakuficha ubaya wake. Alikubali kwamba meko yanakula makaa mengi, yanachafua nyumba na yana kazi. Hoja yake ilikuwa kwamba moto unakusanya familia: baba, mama, watoto na wageni wanakaa mduara mmoja, na mazungumzo yanazaliwa. Mwafrika yeyote aliyesimuliwa hadithi na bibi jikoni atamwelewa. Ni hoja nzuri. Tatizo ni kwamba haikuuliza makaa yatatoka wapi.

Jibu lilikuja baada ya mwaka mmoja na ushee. Tarehe 1 Januari 1947 serikali ya chama cha Labour ilitaifisha migodi yote ya makaa ya mawe. Wafanyakazi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini akiba ya makaa ilikuwa ndogo, na wiki ya nne ya mwezi huohuo theluji ikaanza. Haikutania. Kuanzia tarehe 22 Januari hadi tarehe 17 Machi, kila siku theluji ilianguka mahali fulani nchini humo. Reli zilifunikwa. Makaa yalikuwepo migodini, lakini mabehewa hayakuweza kutembea.

Tarehe 7 Februari waziri wa nishati, Emanuel Shinwell, alisimama bungeni kutangaza mgawo. Kuanzia tarehe 10, viwanda vya maeneo makubwa ya nchi vingekatiwa umeme, na majumbani watu wasingeruhusiwa kuutumia kwa saa tano za mchana: saa tatu asubuhi hadi saa sita, kisha saa nane hadi saa kumi. Zaidi ya watu milioni 2 walijikuta hawana kazi kwa muda. Televisheni ya BBC ilizimwa. Majarida yaliamriwa yasimame kuchapishwa kwa wiki mbili. Hilo la mwisho lituguse sisi tunaohangaika na kijarida kama hiki: makaa yalipokosekana, hata maneno yalikosa pa kutokea. Sisi tuliopitia mgawo wa mwaka 2006 tunaijua hali hiyo ya kukaa gizani ukisubiri ratiba, ila wao walikaa gizani huku maji yakiganda kwenye mabomba.

Wakati huo Orwell alikuwa kwenye nyumba ya kupanga Canonbury Square, mtaa wa Islington, London. Mkewe, Eileen, alikuwa amefariki Machi 1945. Alikuwa na mtoto wa kulea, Richard, ambaye hata miaka mitatu alikuwa hajatimiza. Mapafu yake yalikuwa mabovu tangu zamani. Na huyu alikuwa sasa ni mwandishi mwenye jina, kitabu chake kinauzwa hadi Marekani! Lakini fedha hainunui kisichokuwepo. Waandishi wa historia ya maisha yake wanasema alichoma samani za nyumbani, na baadaye vitu vya kuchezea vya mtoto. Mtu aliyeyasifu meko kwa sababu yanakusanya familia, akalazimika kuyalisha vitu vya familia yenyewe.

Aprili 1947 alirudi Jura, kisiwa kilichoko magharibi mwa Scotland, akaendelea na riwaya aliyokwishaianza. Desemba mwaka huo alilazwa kwa kifua kikuu katika hospitali moja karibu na Glasgow, akatoka Julai 1948. Nakala ya mwisho ya riwaya aliipiga taipu mwenyewe, muda mwingi akiwa kitandani, maana hakupatikana mpiga chapa wa kukubali kwenda kisiwani kule. Chumbani mlikuwa na kijiko cha mafuta ya taa kilichotoa moshi. Mgonjwa wa mapafu alikuwa na njia mbili tu: avute moshi au aganda na baridi. Kazi ilikwisha mwishoni mwa mwaka 1948, kitabu kikatoka Juni 1949, na mwenyewe akafariki tarehe 21 Januari 1950 akiwa na umri wa miaka 46. Sisemi kwamba baridi ndiyo iliyomuua. Kifua kikuu ndicho kilichomuua. Ninachosema ni kwamba baridi ile imo ndani ya kitabu.

Kifungue Nineteen Eighty-Four uone. Hadithi inaanza siku ya baridi. Winston Smith anapanda ngazi kwa miguu kwa sababu umeme umekatwa mchana, eti kubana matumizi. Ukiendelea kidogo utaambiwa kwamba mabomba ya jengo lile yanapasuka kila baridi ikizidi, na mtambo wa joto hufanya kazi nusunusu au huzimwa kabisa. Watu husema riwaya hii ilitabiri mambo ya mbele. Kwa msomaji wa London wa mwaka 1949, kurasa zile zilikuwa habari za majuzi tu. Mwandishi alichukua mgawo wa Februari 1947 akauingiza kwenye riwaya karibu kama ulivyokuwa, kisha akauongezea jambo moja la kutisha: dola yenye uwezo wa kumwona mtu saa zote chumbani kwake, haina uwezo wa kumpasha joto. Au inao, na haitaki. Hapo ndipo kinu cha upepo cha wanyama kinapokutana na jengo la Winston. Ukitaka kujua serikali inampenda raia wake kiasi gani, usisikilize hotuba. Shika ukuta wa chumba chake.

Historia haikuishia hapo. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, London ilifunikwa na ukungu uliochanganyika na moshi wa viwanda na wa mamilioni ya meko yaleyale yaliyosifiwa. Makaa bora yalikuwa yakiuzwa nje kutafuta fedha za kigeni. Wananchi waliachiwa makaa hafifu yenye moshi mwingi. Hesabu za awali zilitaja vifo kama 4,000, na watafiti wa baadaye walifikia hadi 12,000. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya hewa safi, na meko ya makaa yakaanza kuaga mijini. Joto la bei rahisi nalo lilikuwa na bei yake, ila ililipwa na mapafu.

Mnaweza kudhani hayo ni ya zamani. Mwaka 1991 mtaalamu Brenda Boardman alitoa kitabu kuhusu umaskini wa nishati nchini humohumo, na kipimo kilichozoeleka kikawa hiki: kaya inayohitaji zaidi ya asilimia 10 ya kipato chake ili kujipatia joto na nishati ya kutosha, hiyo ni maskini wa nishati. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya gesi ilipaa hadi serikali ya Uingereza ikaingilia kati kuzuia bili ya mwaka ya kaya ya kawaida isivuke pauni 2,500 hivi. Majira ya baridi ya mwaka huo, maktaba na makanisa vilifungua milango ili watu waende kuota joto. Nilipolisoma hili nilinyamaza. Watu walikwenda maktaba siyo kwa kitabu, bali kwa sababu nyumbani kulikuwa hakukaliki.

Na huku kwetu je? Nani kasema Afrika haina baridi? Muulize mtu wa Makete, Njombe au Lushoto habari za mwezi Juni na Julai. Huko nako mkaa una bei, na asiyeweza gunia hununua kwa kopo, akaishia kulipa zaidi kwa mkaa uleule, sawasawa na yule wa mita ya senti. Wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha ili joto lisipotee, na asubuhi hawaamki. Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu. Kama una ndugu kule, mwambie: jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama baridi inauma.

Sisi vijana tunaoota kuandika riwaya tuna ugonjwa wa kukimbilia ikulu. Kila mswada una rais dikteta, kanali na mapinduzi. Sikatazi. Lakini Orwell, aliyeandika habari za madikteta kuliko wengi, aliianza riwaya yake kwenye ngazi zisizo na umeme. Basi kabla hujamwandika rais, ingia kwenye chumba cha mhusika wako usiku. Uliza nani kanunua mkaa leo, kwa shilingi ngapi, na kesho atauacha mlo gani ili anunue tena. Angalia nani amekaa karibu na jiko na nani kasukumwa mlangoni. Ukishayajua hayo, huenda usimhitaji kanali.