Mguu Umekatwa, Mapafu Je?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbwa mkubwa akianza kuchechemea bila kujikwaa popote, kisha akavimba juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele, mwenye mbwa alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Ama mnyama achomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja, ama akatwe mguu, apate nafuu ya maumivu kwa muda, kisha afe kwa mapafu kabla mwaka haujageuka. Madaktari wengi wa wanyama walishauri la kwanza. Hawakuwa na roho mbaya. Walikwishaona la pili linakoishia.

Ugonjwa wenyewe ni osteosakoma, saratani inayoanzia kwenye mfupa. Huwaandama zaidi mbwa wenye maumbo makubwa: Great Dane, Saint Bernard, Rottweiler, Irish Wolfhound, pamoja na Greyhound wa mbio, na wengi hupatwa wakiwa na umri wa miaka saba hivi. Wanafunzi wa utabibu wa wanyama hufundishwa kukariri kwamba uvimbe hukaa mbali na kiwiko na karibu na goti. Seli zake hutengeneza mfupa, ila mfupa usio na mpangilio, na papo hapo zinaula ule mzima. Kwenye picha ya eksirei sehemu moja huonekana imetobokatoboka, na ya pili imeota miiba. Mbwa huumwa usiku na mchana, na mfupa uliochakaa hivyo unaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi.

Si ugonjwa wa jana. Mwaka 2020 wataalamu wa Kanada walitangaza kwamba wameutambua katika mfupa wa mguu wa Centrosaurus, dinosaria mwenye pembe aliyeishi Alberta zaidi ya miaka milioni 75 iliyopita. Miaka minne kabla ya hapo, wenzao wa Afrika Kusini walikuwa wameuona katika mfupa wa unyayo kutoka pango la Swartkrans, wa kiumbe wa ukoo wa binadamu aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.6 iliyopita. Hata taya lililookotwa na Juma Gitau, mmoja wa wachimbaji wa mtafiti wa visukuku Louis Leakey, huko Kanam karibu na Ghuba ya Winam nchini Kenya mwaka 1932, lina uvimbe kidevuni ambao baadhi ya wataalamu waliusoma kuwa ni sarkoma ya mfupa. Wengine walikataa, na ubishi ukadumu miaka mingi.

Aliyeutoa ugonjwa huu kwenye masimulizi ya kliniki mojamoja na kuutia kwenye hesabu ni Robert Brodey wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Mwaka 1969 yeye na mwenzake Riser walichapisha uchambuzi wa mbwa 194 wenye osteosakoma, na mwaka 1976 akaeleza, pamoja na Abt, yaliyowapata mbwa 65 waliofanyiwa upasuaji. Kazi ya namna hii haina mbwembwe. Ni kufungua mafaili, kupiga simu kwa wenye mbwa, kupasua maiti na kuandika. Lakini ndiyo iliyowaonyesha madaktari kwamba kisu kilikuwa kikifanya kazi nzuri mahali ambapo vita haikuwa tena. Hesabu iliyokuja kutumiwa zaidi ilitolewa mwaka 1992: mbwa 162 waliokatwa mguu bila dawa nyingine yoyote. Nusu yao walikuwa wamekufa ndani ya wiki 19, na waliofika mwaka mmoja walikuwa asilimia 11.5 tu.

Sababu inaeleweka leo. Siku mbwa anapofikishwa kliniki akichechemea, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa hawa tayari wana chembe za saratani zilizosafiri kwa damu, hasa hadi mapafuni, ingawa eksirei ya kifua huzionyesha kwa chini ya asilimia 15. Kukata mguu huondoa maumivu. Hakumfuati mkimbizi aliyekwisha kuvuka mpaka.

Dawa ya kumfuata ilipatikana kwa bahati, tena mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Katika Chuo Kikuu cha Michigan State, mwanafizikia Barnett Rosenberg alitaka kujua iwapo umeme huathiri kugawanyika kwa seli. Akachukua bakteria wa E. coli, akawatia katika chombo chenye vijiti vya platini, kwa kuwa platini ilisifiwa kuwa madini yasiyojihusisha na kitu, akawasha umeme. Bakteria waliacha kugawanyika lakini wakaendelea kurefuka, baadhi hadi mara 300 ya urefu wao wa kawaida. Ilichukua muda kugundua kwamba umeme haukuhusika: vijiti vilikuwa vikimumunyuka kidogokidogo na kutengeneza mchanganyiko wa platini uliozuia seli kugawanyika. Habari hiyo ilitoka mwaka 1965. Mchanganyiko wenyewe ulikuwa umeelezwa na Mwitaliano Michele Peyrone tangu miaka ya 1840, ukakaa zaidi ya karne bila mtu kuufikiria kuwa tiba. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliuidhinisha kwa binadamu kwa jina la sisplatini.

Dawa ya pili ilitoka kwenye udongo. Watafiti wa kampuni ya Farmitalia ya Milano walichota mchanga karibu na Castel del Monte, ngome ya karne ya 13 kusini mwa Italia, wakakuta humo kijidudu kinachotoa rangi nyekundu. Kutokana na jamii hiyo ilipatikana doksorubisini, iliyouzwa kwa jina la Adriamycin kwa heshima ya Bahari ya Adriatiki iliyo jirani. Ni nyekundu kweli, na ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Kwanza zikajaribiwa kwa watu. Osteosakoma huwapata watoto na vijana wanaobalehe, na Mmarekani wa miaka hiyo aliifahamu kwa sura mbili. Mwaka 1973 Edward Kennedy mdogo, mtoto wa seneta, mwenye umri wa miaka 12, alikatwa mguu kwa saratani ya mfupa, kisha akapewa dawa nyingine ya saratani, metotrekseti, kwa dozi kubwa mno kwa muda wa miaka miwili. (Metotrekseti hiyo, kwa dozi za kawaida, ilikuwa imetumika Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa watoto wenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala.) Sura ya pili ni Terry Fox, kijana wa Kanada aliyepoteza mguu wa kulia mwaka 1977, akatimua mbio kwa mguu wa bandia kuvuka nchi yake mwaka 1980. Baada ya siku 143 na kilomita 5,373, saratani ikamkuta mapafuni karibu na Thunder Bay. Alifariki Juni 1981, akiwa na miaka 22.

Mbwa naye alikuwapo tangu mwanzo, ila ndani ya kizimba cha maabara. Mwaka 1966 Emil Freireich na wenzake walilinganisha sumu ya dawa za saratani kwa panya, mbwa, nyani na binadamu, wakaonyesha kwamba dozi zinafanana zaidi zikipimwa kwa eneo la ngozi kuliko kwa uzito. Hadi leo dozi ya mbwa na ya mtu huandikwa kwa miligramu kwa mita moja ya mraba. Sisplatini pia ilipimwa kwa mbwa kabla ya wagonjwa wengi kuipata. Kwa hiyo, ilipofika miaka ya 1980 na mbwa wa nyumbani wakaanza kupewa dawa hizo kama wagonjwa, deni lilikuwa linarudishwa, ingawa si kwa mbwa walewale.

Siku ya sisplatini ilikuwa ndefu. Asubuhi mbwa hunyolewa kipande cha manyoya mguuni, huwekewa sindano ya mshipa, na dripu ya maji ya chumvi huanza kutiririka kwa saa kadhaa kabla dawa yenyewe haijaguswa. Maji hayo ndiyo kinga ya figo. Bila hayo, dawa iliyokusudiwa kuua saratani huua figo kwanza. Kisha dawa, kisha maji tena kwa saa nyingine kadhaa, mbwa akitolewa nje kila mara kukojoa, na mhudumu akitembea nyuma yake na glavu mikononi kwa kuwa mkojo ule una dawa. Jioni mara nyingi alitapika. (Paka hawapewi kabisa: sisplatini huwajaza maji mapafuni na kuwaua.)

Pamoja na taabu yote hiyo, iliwaongezea siku. Tafiti za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kwa sisplatini peke yake au ikipokezana na doksorubisini, ziliwasogeza mbwa wengi kutoka miezi minne na ushee hadi karibu mwaka. Halafu kaboplatini, ndugu yake mpole zaidi aliyeidhinishwa kwa binadamu mwaka 1989, ikaondoa mzigo wa maji. Inaingia mshipani kwa dakika chache na figo hazisumbuki sana. Mwaka 1996 ilichapishwa taarifa ya mbwa 48 waliokatwa mguu kisha wakapewa kaboplatini: nusu waliishi angalau siku 321, na asilimia 35.4 walifika mwaka.

Hapa ndipo tiba ya mbwa ilipoachana na ya mtoto, na uamuzi ule ulikuwa wa busara. Mtoto hupewa dozi za kumfikisha ukingoni, kwa kuwa anatafutiwa miaka 60 au 70 ya mbele, na wazazi humweleza kwa nini anateseka. Mbwa haelezwi. Kwa hiyo madaktari wa wanyama walipunguza ukali wa dozi, wakakubali kupona kwa wachache ili wengi wasiumwe, na kliniki ikajifunza kupima mafanikio kwa jambo ambalo hospitali ya watu hailipimi: kama mbwa bado anakimbilia mlangoni.

Matunzo ya mgonjwa yalijengwa taratibu juu ya uzoefu huo. Mguu wa mbele hukatwa pamoja na bega lote, na wa nyuma hukatwa kwenye nyonga au katikati ya paja. Kisiki kirefu hakiachwi, kwa kuwa mbwa atakigonga na kujichubua. Wenye mbwa huogopa kuliko mgonjwa mwenyewe. Wengi husimama siku inayofuata, wakayumba, wakapata mizani. Aliyekatwa wa mbele hupata shida zaidi, maana miguu ya mbele hubeba kiasi cha asilimia 60 ya uzito. Sakafu ya vigae inayoteleza hutandikwa mikeka. Chakula hupimwa, kwa kuwa kilo zinazoongezeka hubebwa na miguu mitatu. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kaboplatini huanza karibu wakati huo, mara moja kila wiki tatu, mara nne hadi sita.

Kabla ya kila dozi damu hupimwa. Chembe nyeupe hushuka zaidi wiki moja au mbili baada ya dawa, na mbwa akipata homa wakati huo anapelekwa kliniki usiku huohuo bila kungoja asubuhi. Kutapika kumepungua sana tangu maropitanti, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2007. Manyoya hayadondoki kwa mbwa wengi. Poodle na jamaa zake ndio hupukutika, na wengine hupoteza masharubu tu. Eksirei ya kifua hurudiwa kila miezi miwili au mitatu.

Wapo waliokataa kukata. Katika Chuo Kikuu cha Colorado State, mjini Fort Collins, Stephen Withrow na wenzake walianza miaka ya 1980 kuondoa kipande kilichougua peke yake, hasa kwenye mguu wa mbele juu ya kifundo, wakaweka mahali pake mfupa wa mbwa aliyekufa na kuushikiza kwa bamba la chuma na skrubu. Mbwa aliondoka na miguu minne. Tatizo lilikuwa usaha: mfupa uliopandikizwa hauna damu yake, na karibu nusu ya wagonjwa walipata maambukizi.

Hapo likatokea jambo la ajabu kuliko yote katika historia hii. Mwaka 2005 hesabu ya mbwa 47 waliookolewa mguu kwa njia hiyo ilionyesha kwamba waliopata maambukizi waliishi zaidi: nusu yao walifikisha siku 685, dhidi ya 289 kwa wale ambao vidonda vyao vilipona salama. Mtu mmoja asingeshangaa. Mwaka 1891, baada ya msichana Elizabeth Dashiell kufa kwa sarkoma ya mfupa licha ya kukatwa mkono, daktari wake wa New York, William Coley, alipekua kumbukumbu za hospitali akakuta mgonjwa ambaye sarkoma yake ya shingo iliyeyuka baada ya kushikwa na ugonjwa wa bakteria wa ngozi. Coley akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria, kwanza walio hai, baadaye waliouawa. Wenzake wengi walimbeza.

Mbwa ndio waliorudisha wazo lake mezani. Mwaka 1989 kundi la Gregory MacEwen lilieleza dawa inayoiga kipande cha ukuta wa bakteria, ikiwa imefungwa ndani ya vitone vya mafuta na kuingizwa mshipani baada ya kukata mguu: nusu ya mbwa waliopewa waliishi siku 222, wenzao siku 77. Dawa hiyo, mifamurtidi, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2009 kwa watoto na vijana wenye osteosakoma. Marekani ilikuwa imeikataa.

Mwaka 2016 Nicola Mason, katika chuo kilekile cha Brodey, alitoa matokeo ya chanjo ya bakteria wa Listeria waliodhoofishwa: mbwa 18, nusu wakafikisha siku 956. Matumaini yalipanda, ila mbwa 18 ni wachache mno kutolea hukumu. Miaka mitano baadaye ukatoka utafiti mkubwa kupita wote, wa mbwa 324 katika hospitali nyingi za Amerika Kaskazini, uliopima kama dawa iitwayo rapamaisini ingeongeza chochote baada ya kukata mguu na kaboplatini. Nusu ya walioipata walifikisha siku 280, na nusu ya ambao hawakuipata siku 282. Sampuli za uvimbe na damu za mbwa hao zilihifadhiwa kwa uchunguzi wa vinasaba, na anayechechemea leo bado hupangiwa kisu, kisha kaboplatini kila wiki tatu.