Msitu Ndani ya Chupa

Oktoba 2022 jiji la Dar es Salaam liliingia kwenye mgawo wa maji. Mto Ruvu ulikuwa umepungua mno, na watu wakahangaika na madumu, watoto wa shule wakiwemo. Nikajiuliza: ni wangapi kati ya watoto hao waliwahi kuambiwa kwamba Ruvu inaanzia kwenye misitu ya milima ya Uluguru? Kuwapeleka wote Morogoro haiwezekani. Sasa kwa nini msitu usiwafuate wao?

Wadau, sitanii. Misitu imeshasafiri siku nyingi. Mnamo mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aliweka pupa wa nondo kwenye udongo ndani ya chupa, akaifunga. Alikuwa anamsubiri nondo, kilichochipua ni kangaga. Mchana unyevu ulipanda kama mvuke, ukawa matone kwenye kioo, ukashuka tena udongoni. Mvua ndani ya chupa! Mwaka 1833 akapakia mimea kwenye masanduku mawili ya kioo, ikavuka bahari miezi kadhaa hadi Sydney, ikafika hai. Baada ya hapo wakubwa wa dunia wakaona biashara: kwa masanduku hayo hayo miche ya chai ilitolewa China ikapelekwa India.

Na sisi je? Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la zambarau la Usambara, na mbegu zake zikaenda Ujerumani. Leo ua hilo limejaa madirishani Ulaya, na Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. Mtoto wa Hamburg analimwagilia maji. Wa Temeke je?

Yaani safari zote zilikuwa za kutoka. Za kuwafuata watoto wetu zilichelewa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya walianzisha klabu za wanyamapori mashuleni, na baadaye magari yakawa yanazunguka shule kuonyesha filamu. Tanzania tukafuata mwaka 1980 na klabu za Malihai. Kazi nzuri, sipingi. Lakini tuseme ukweli, kwenye filamu staa ni simba na tembo. Kangaga nani atamtazama? Na kangaga ndiye anayekaa pale maji yanapoanzia.

Gari moja lenye sanduku la kioo, udongo na mimea michache lingetosha kuanzia. Mimi gari sina, nilianza na chupa tupu ya jamu. Mpwa wangu wa darasa la nne aliikodolea macho siku mbili, kisha akaniuliza, "Mjomba, mbona umeifunga na mvua bado inanyesha?" Jumatatu akaibeba kwenda shule. Haijarudi mpaka leo, nasikia mwalimu kaing'ang'ania.