Kutoka Kata hadi Bilauri: Nani Huchagua Chombo cha Kinywaji?

Kabla ya kioo kuenea, watu walinywea vibuyu, pembe na vyungu. Pwani, kifuu cha nazi kilitiwa mpini kikawa kata ya kuchotea maji mtungini. Vyombo hivyo havikuchaguliwa ovyo: mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho hilo likikauka maji yaliyomo hupoa. Basi swali la chombo gani kwa kinywaji gani ni la kale. Kilichobadilika ni nani anayelijibu.

Kwa karne nyingi alilijibu fundi. Misri na Mesopotamia walitengeneza vyombo vya kioo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, lakini vilikuwa mali ya wakubwa, kwani vingi vilifinyangwa juu ya kiini cha udongo ambacho baadaye kilikwanguliwa. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, mafundi wa pwani ya Shamu waligundua kukipuliza kioo kwa mrija, na kazi ikawa ya dakika chache. Haukupita muda mrefu, mwanajiografia Strabo akaandika kwamba mjini Roma kikombe cha kioo kilinunuliwa kwa sarafu moja ya shaba. Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wa karne ya 1, unataja vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Azania, yaani pwani yetu.

Katika karne za 13 na 14, Halab na Dameski zilisifika kwa bilauri zilizonakshiwa dhahabu na rangi. Timur, mtawala wa Asia ya Kati, alipoiteka Dameski mwaka 1401, aliwahamishia mafundi wa mji huo Samarkand. Venice ndiyo iliyofaidika. Mwaka 1291 jiji hilo lilikuwa limeamuru tanuri za kioo zihamie kisiwa cha Murano kwa kuhofia moto, na huko katikati ya karne ya 15 Angelo Barovier akafanikiwa kutengeneza kioo cheupe kama maji. Sasa rangi ya kinywaji nayo ikawa sehemu ya utamu wake.

Kisha serikali ikaingilia. Mwaka 1674 Mwingereza George Ravenscroft alipata hataza ya kioo chake kipya, ambacho baadaye kilitiwa madini ya risasi kikawa kizito na chenye kumeremeta. Mwaka 1745 Bunge la Uingereza likaweka kodi ya kioo kwa uzito. Mafundi wakapunguza unene, wakageukia glasi ndogo na nyepesi zilizopambwa kwa kuchorwa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1845, baada ya miaka mia moja ya mkusanya kodi kushiriki kuamua umbo la glasi.

Karne ya 19 ilikuwa zamu ya mwenye karamu. Matajiri wa Ulaya walianza kuandaliwa chakula awamu kwa awamu, na kila awamu na kinywaji chake, hivyo mbele ya mgeni zikapangwa glasi za maji, za mvinyo mweupe, za mwekundu na za shampeni. Huko Marekani, tangu miaka ya 1820, mashine za kukandamiza kioo kwenye kalibu ziliwawezesha watu wa kawaida kumiliki seti. Mwaka 1973 Claus Riedel wa Austria alitoa mfululizo wa glasi zilizobuniwa kwa aina mbalimbali za mvinyo, na sasa aliyejibu swali ni muuza vyombo. Dai kwamba glasi hupeleka mvinyo kwenye sehemu maalumu ya ulimi halikusimama, kwani ulimi hauna ramani ya aina hiyo. Lakini dai la harufu lina ukweli: tumbo pana hutoa harufu, mdomo mwembamba huikusanya.

Ukiondoa kodi, fahari na biashara, yanabaki mambo matatu: joto, harufu na gesi. Mtazame muuza kahawa wa pwani na dele lake. Kikombe chake ni kidogo, hakina mkono, na hakijazwi hadi juu; mnywaji hukishika kwa ncha za vidole na kumaliza kahawa kabla haijapoa. Soda inataka glasi ndefu nyembamba, kwa sababu eneo dogo la juu huchelewesha gesi kutoka. Juisi ya ukwaju yenye barafu inafaa bilauri nene. Chai ya moto ni kinyume: ukiimimina ghafla kwenye glasi nene ya kawaida, upande wa ndani hutanuka kabla ya wa nje, na glasi hupasuka. Inafaa kikombe cha kauri, au glasi iliyotengenezwa kuhimili joto.

Kwa nyumba nyingi, aina tatu au nne zinatosha. Seti ya vipande kumi na viwili inayokaa kabatini ikingoja wageni ni urithi wa karamu zilizokuwa na watumishi wa kumimina na wa kuosha. Asiye na watumishi hao ana haki ya kulijibu swali hili mwenyewe, kwa kuangalia anachokunywa kila siku.