Alizuiwa asifanye nini?

Kiingereza kina vitenzi chungu nzima kwa jambo ambalo Kiswahili kinalimaliza kwa shina moja. "Restrain" ni kumzuia mwenzio, "refrain" ni kujizuia mwenyewe, "withhold" ni kumzuilia mtu kitu, "detain" ni kumweka kizuizini. Sisi tunaye zuia, viambishi vinafanya kazi iliyobaki. Tena Kiswahili hupenda kudai jambo la ziada: alimzuia asiingie, alimzuia asiondoke. Hilo "asi-" linakulazimisha useme ni kitu gani hasa kimekatazwa.

Mpaka wa Ngara unaonyesha kwa nini hilo lina uzito. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo. Waliachwa waingie, na Benaco ikageuka kuwa mji wa maturubai. Ndiyo Tanzania tuliyoisikia: nchi ambayo Mwalimu Nyerere wake alipewa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa kuwapa wakimbizi hifadhi.

Tarehe 31 Machi 1995 serikali ikafunga mpaka wake na Burundi, upande ambao Kabanga inatazamana na Kobero. Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia kambi za Burundi wakazuiwa wasiingie. Hoja za serikali hazikuwa za kubuni: kuni zilikwisha, maji yalikuwa shida, silaha zilizagaa, misaada haikutosha. Lakini sheria nayo ilikuwepo. Mkataba wa Geneva wa 1951, hata katika nakala yake ya Kiingereza, uliazima "refouler" ya Kifaransa ili kukataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Ule wa OAU wa 1969 ukaenda mbele zaidi, ukataja waziwazi kumkataa mtu mpakani. Kwa maneno mengine, geti lililofungwa nalo linaweza kuwa kurudisha.

Desemba 1996 kitenzi kikageuka. Serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote wanatarajiwa kurudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi walitoka kambini wakaelekea bara. Askari wakawazuia wasiendelee, wakawaelekeza Rusumo.

Basi ukisoma kwamba watu "walizuiwa", usiishie hapo. Uliza: wasifanye nini? Kisha uliza ambalo hata Kiswahili hakilazimishi: baada ya kuzuiwa, waende wapi?